Fuata kizazi, usifuate mkeka: jibu kwa msomaji wa Lindi anayependa mbio za farasi

Swali la msomaji: "Shikamoo daktari. Nina miaka 24, nauza vifaa vya simu hapa Lindi mjini. Mwaka 2024 niliona kwenye simu Kentucky Derby, farasi watatu wakamaliza pamoja, sikulala usiku ule. Tangu hapo natafuta video za mbio lakini nimepotea. Majina ni mengi, viwanja vingi, na farasi ninayempenda baada ya muda simwoni tena. Wenzangu kijiweni wananiuliza farasi na mtu wa Lindi wapi na wapi. Wengine wanadhani nabeti. Sibeti. Nataka kuwa mshabiki wa kweli, kama walivyo wa Simba na Yanga. Nianzie wapi? Na je, naweza siku moja kuwaona kwa macho yangu?"

Marahaba, mwanangu. Mbio ulizoziona nazifahamu vizuri. Ilikuwa Kentucky Derby ya 150, Mei 4, 2024, katika uwanja wa Churchill Downs, mjini Louisville, Marekani. Aliyebana ukingo wa ndani ni Mystik Dan. Wale wawili waliokuja kwa kasi katikati ya uwanja, mabega yakigusana, ni Sierra Leone, ambaye ni farasi wa Marekani licha ya jina lake, na Forever Young wa Japani. Picha ya mstari wa mwisho ilipotazamwa, Mystik Dan alimpita Sierra Leone kwa pua, na Sierra Leone akampita Forever Young kwa pua. Kukosa usingizi kwa mbio zile ni haki yako. Mimi ni daktari wa mifugo, nimefanya kazi mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na zile ni kati ya mbio bora nilizowahi kuziona.

Unapotea kwa sababu unazifuata mbio moja moja, leo hii na kesho ile, na kila moja inakuja na majina mapya. Timu ya mpira inabaki. Namungo ya Ruangwa mwakani itakuwepo, hata wachezaji wote wakiuzwa. Farasi bingwa hakai. Flightline, bingwa wa Marekani wa mwaka 2022, alikimbia mara 6 tu maishani mwake, akashinda zote, akapelekwa shambani kuzalisha. Frankel wa Uingereza alikimbia mara 14 kati ya 2010 na 2012, akashinda zote 14, naye akaondoka. Ukimshabikia farasi mmoja tu, kila mwaka utabaki mkiwa. Mshabiki wa mchezo huu anafuata kizazi: farasi waliozaliwa mwaka mmoja, tangu wakiwa wadogo mpaka wanapostaafu, kisha anawasubiri watoto wao.

Ili hilo likae sawa, shika kanuni hii. Thorobredi, ndio hawa farasi wa mbio, wote wa nusu ya kaskazini ya dunia huhesabiwa wametimiza mwaka mmoja zaidi kila Januari 1, hata kama mmoja alizaliwa Februari na mwingine Mei. Kusini mwa dunia, kule Australia na Afrika Kusini, siku hiyo ni Agosti 1. Kwa hiyo wote waliozaliwa 2021 walitimiza miaka mitatu kwa pamoja Januari 1, 2024. Na mbio zenye heshima kuliko zote, Kentucky Derby, Preakness, Belmont, na Derby ya Epsom kule Uingereza, ni za farasi wa miaka mitatu peke yao. Akikosa mwaka huo, hana mwaka mwingine. Kati ya maelfu wanaozaliwa Marekani kila mwaka, wanaoingia getini siku ya Kentucky Derby hawazidi 20. Ndiyo maana dakika mbili zile zina uzito kiasi kile.

Sasa rudi kwa wale wako watatu, maana hadithi yao haikuishia pale ulipozima simu.

Anza nyuma kidogo, Novemba 2023. Kizazi kile kilikuwa bado kina miaka miwili. Kwenye Breeders' Cup Juvenile, mbio kuu za umri huo, alishinda farasi anayeitwa Fierceness. Machi mwaka uliofuata akashinda Florida Derby kwa kuwaacha wenzake mbali kabisa. Siku ya Kentucky Derby yeye ndiye aliyependelewa na watu wengi. Akamaliza wa 15. Wewe hukumwona kwa sababu macho yako yalikuwa kwa wale watatu wa mbele, lakini mtu aliyemfuata tangu utotoni aliumia sana siku ile. Agosti akashinda Travers kule Saratoga, akimtangulia kwa kichwa tu Thorpedo Anna, jike aliyenunuliwa kwa dola 40,000 na ambaye mwisho wa mwaka ndiye aliyetajwa Farasi Bora wa Marekani. Sierra Leone alikuwa wa tatu siku hiyo. Novemba 2024 wakakutana tena Del Mar, California, kwenye Breeders' Cup Classic, mbio kuu za mwisho wa mwaka: Sierra Leone wa kwanza, Fierceness wa pili, Forever Young wa tatu.

Forever Young hakukaa. Februari 2025 alishinda Saudi Cup mjini Riyadh, akimtoa Romantic Warrior wa Hong Kong katika hatua za mwisho. Akaenda Dubai, akawa wa tatu. Kisha Novemba 1, 2025, Del Mar ileile, Classic ileile, wakapanga mstari tena: Forever Young wa kwanza, Sierra Leone wa pili, Fierceness wa tatu. Watatu walewale wa mwaka uliotangulia, wamebadilishana nafasi. Farasi aliyekosa Derby kwa pua mbili akawa wa kwanza kutoka Japani kushinda Classic. Niambie, aliyeiona fainali hiyo bila kujua mwaka mmoja na nusu wa nyuma yake ameona nini?

Basi kazi yako ya kwanza ni hii. Nunua daftari. Kila mwaka, mbio za watoto wa miaka miwili zikiisha mwezi Novemba, chagua majina matano au sita, si zaidi. Wafuate kwenye mbio za kutafuta pointi za Derby, kuanzia Januari mpaka Aprili: Florida Derby, Santa Anita Derby, Arkansas Derby, Louisiana Derby, Blue Grass, Wood Memorial, na ile ya UAE Derby inayokimbiwa Dubai. Tangu 2013 nafasi za Derby hugawiwa kwa pointi hizo. Usiwachague washindi peke yao. Mshindi wa Juvenile mara nyingi hafiki anakotarajiwa. Waliowahi kushinda Juvenile na kisha Kentucky Derby ni wawili tu, Street Sense na Nyquist. Chagua mmoja ambaye alimaliza wa tatu akiwa bado ana nguvu za kuendelea.

Kwa kila jina andika vitu vitatu: baba, mama, na baba wa mama. Hapo kwenye mama ndipo mtu wa kusini anapokuwa na faida kuliko mashabiki wengi. Kwetu huku, kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, desturi ya asili inahesabu ukoo kwa mama, na mjomba ana sauti kuliko baba. Watu wa thorobredi wanahesabu vivyo hivyo. Farasi wawili waliotoka tumbo moja wanaitwa ndugu. Waliochangia baba tu hawaitwi ndugu, hata kidogo. Sababu yake ni ya kizizini: dume mmoja maarufu anaweza kuzaa watoto zaidi ya mia kwa msimu mmoja, lakini jike hubeba mimba miezi 11 na kuzaa mtoto mmoja kwa mwaka. Na kupandisha kwa mrija, kama tunavyofanya kwa ng'ombe, ni marufuku kwa thorobredi. Dume na jike lazima wakutane. Kwa hiyo jike bora ni adimu. Mwana hutazama kisogo cha nina, na kwa farasi hawa hilo linaandikwa kitabuni.

Chukua jike mmoja aitwaye Urban Sea. Mwaka 1993 alishinda Prix de l'Arc de Triomphe pale Longchamp, Paris, mbio kubwa kuliko zote za Ulaya kwenye nyasi. Akastaafu, akaanza kuzaa. Mwanawe Galileo alishinda Derby ya Epsom mwaka 2001. Mwanawe mwingine kwa dume tofauti, Sea The Stars, akashinda Derby hiyohiyo mwaka 2009, na Oktoba mwaka uleule akashinda Arc, mbio za mama yake. Galileo akawa dume aliyeongoza kwa watoto washindi Uingereza na Ireland misimu 12, na mmoja wa watoto wake ni yule Frankel ambaye hakuwahi kushindwa. Mwaka 2024 Derby ya Epsom ilichukuliwa na City Of Troy. Baba yake ni Justify, bingwa wa Marekani; baba wa mama yake ni Galileo. Ukishamjua Urban Sea, mbio za Ulaya za miaka 30 zinakuwa habari za familia moja, na kila jina jipya unaweza kuuliza: huyu ni mjukuu wa nani?

Kwa upande wa baba, hadithi ninayoipenda kuliko zote ni ya Sunday Silence. Alizaliwa Kentucky mwaka 1986. Nusura afe kwa kuhara akiwa mdogo, na mnadani hakupata mnunuzi wa maana kwa sababu miguu yake ya nyuma haikupendeza macho. Mwaka 1989 akashinda Kentucky Derby, akashinda Preakness kwa pua dhidi ya hasimu wake Easy Goer, akashindwa na huyohuyo kwa mbali kwenye Belmont, kisha akamshinda tena kwenye Breeders' Cup Classic. Alipostaafu, wafugaji wa Marekani bado hawakumtaka. Mjapani Zenya Yoshida akamnunua, akampeleka kisiwa cha Hokkaido. Huko akaongoza orodha ya madume wa Japani miaka 13 mfululizo. Mwanawe Deep Impact alishinda mataji matatu ya Japani, yaani mbio zao tatu kuu za farasi wa miaka mitatu, mwaka 2005. Deep Impact akamzaa Real Steel, Real Steel akamzaa Forever Young. Kwa hiyo Novemba 2025 Del Mar, kitukuu wa farasi aliyekataliwa alirudi Marekani kuchukua taji ambalo babu wa baba yake alilichukua 1989. Na mama wa Forever Young, Forever Darling, ni Mmarekani. Ukipanda juu kwa upande wa baba yake unafika kwa A.P. Indy, na mama wa A.P. Indy ni binti wa Secretariat. Wale waliomwona Forever Young kuwa mgeni tu hawakusoma ukoo wake.

Secretariat nimemtaja, basi nikuelekeze namna ya kutazama mbio zenyewe, maana watu wengi hutazama mita 200 za mwisho peke yake.

Thorobredi ana uzito wa karibu kilo 500. Akiwa ametulia zizini moyo wake hupiga mara 30 hadi 40 kwa dakika. Akikimbia kwa nguvu zote hupita mara 200. Wengu wake humwaga chembe nyekundu za damu zilizowekwa akiba, na pumzi yake hufungamana na hatua zake, hatua moja pumzi moja. Pamoja na hayo yote, hakuna anayeweza kwenda kwa kasi yake ya juu kabisa kwa mita 2000 nzima. Kwa hiyo swali la kwanza la kila mbio ni: wa mbele wametumia nguvu kiasi gani mwanzoni? Wamarekani huonyesha muda wa kila robo maili, kama mita 400. Mwaka 2022 robo ya kwanza ya Kentucky Derby ilikimbiwa kwa sekunde 21.78, mwanzo wa kasi kuliko wote katika historia ya mbio hizo. Waliokuwa mbele walilipa deni hilo mwishoni, na aliyewapita ni Rich Strike, aliyekuwa nyuma kabisa akipenya ukingoni. Alikuwa ameingia getini kwa sababu farasi mwingine alijitoa siku moja kabla, na odi yake ilikuwa 80 kwa 1. Tazama mbio hizo kwa kamera ya juu, mara mbili: mara ya kwanza mtazame yeye, mara ya pili wahesabu wanaochoka mmoja mmoja.

Sasa linganisha na Secretariat, Kentucky Derby ya 1973. Robo zake tano zilikuwa sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4 na 23. Kila robo ilikuwa na kasi kuliko iliyotangulia. Hilo ni kinyume cha maumbile ya farasi, na jumla yake, dakika 1 na sekunde 59.4, mpaka leo haijavunjwa. Wiki tano baadaye kwenye Belmont, mita 2400, alikwenda mbele tangu mapema sambamba na hasimu wake, Sham, kwa kasi ambayo kila mjuzi aliona ni ya kujiua. Sham akaishia wa mwisho. Secretariat akaendelea, akashinda kwa urefu wa farasi 31, yaani zaidi ya mita 70, kwa dakika 2 na sekunde 24. Hiyo nayo ni rekodi hadi leo. Akawa wa kwanza kukamilisha mataji matatu ya Marekani (Kentucky Derby, Preakness na Belmont za mwaka mmoja) tangu Citation mwaka 1948. Waliokamilisha mataji hayo ni 13 tu tangu Sir Barton mwaka 1919. Wa mwisho ni American Pharoah 2015 na Justify 2018. Nikiambiwa nibakize video moja tu ya mchezo huu duniani, ni Belmont ya 1973.

Kitu kingine cha kutazama ni mguu unaotangulia. Farasi anayekimbia huongoza kwa mguu mmoja wa mbele. Viwanja vya Marekani huzungukwa kwa kushoto, kwa hiyo kwenye kona ataongoza kwa mguu wa kushoto, na akitoka kwenye kona mpanda farasi humbadilisha aongoze kwa wa kulia, uliopumzika. Anayekataa kubadilisha mara nyingi anachoka kabla ya wenzake. Ukianza kuliona hilo, hutahitaji mtangazaji.

Saa za kutazama hazitunyimi sana. Kentucky Derby ni Jumamosi ya kwanza ya Mei, na kwetu inakuwa saa 8 kasoro dakika chache usiku wa kuamkia Jumapili. Preakness hufuata baada ya wiki mbili na Belmont baada ya wiki tatu nyingine, saa hizohizo za usiku. (Kuanzia mwaka 2024 Belmont ilihamishiwa Saratoga kwa muda na kufupishwa hadi mita 2000 wakati uwanja wake ukijengwa upya, kwa hiyo usilinganishe muda wa miaka hiyo na wa Secretariat.) Za Ulaya ni rahisi kwetu: Derby ya Epsom na siku tano za Royal Ascot mwezi Juni, na Arc Jumapili ya kwanza ya Oktoba, zote ni za jioni, ukishafunga duka. Saudi Cup Februari na Dubai World Cup mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili ni baada ya Isha. Melbourne Cup, mita 3200, ni Jumanne ya kwanza ya Novemba saa 1 asubuhi, wakati huku minada ya korosho imepamba moto. Bando likiwa dogo usijilazimishe kutazama moja kwa moja. Mbio nyingi kubwa huwekwa YouTube na waandaaji wenyewe muda mfupi baadaye, na mbio nzima ni dakika mbili au tatu.

Angalizo moja tu kuhusu Melbourne Cup na Durban July ya Afrika Kusini. Hizo ni mbio za handikapu: farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakaribiane. Ni tamu, zimejaa maajabu, lakini usizitumie kupima nani bingwa. Kwenye Kentucky Derby madume wote hubeba kilo 57 na majike kilo 55, basi. Na ni majike watatu tu waliowahi kuishinda: Regret 1915, Genuine Risk 1980, Winning Colors 1988.

Wenzako wa kijiweni wanaosema farasi na Lindi wapi na wapi, wajibu kwa sababu, maana sababu ipo na inatuhusu. Huku kwetu farasi hawakuenea kwa ajili ya mbung'o, ambao mpaka leo tunao maporini kule Liwale, na kwa ajili ya ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi wadogo kuliko mbu. Pundamilia huubeba virusi vyake bila kuugua. Farasi asiye na kinga huufia, mara nyingi ndani ya siku chache. Farasi hakukosekana pwani hii kwa kukosa wapenzi. Mwaka 1840 merikebu ya Seyyid Said, al-Sultana, ilitoka Unguja mpaka New York ikiwa na zawadi za kumpa rais wa Marekani, na zawadi mojawapo ilikuwa farasi wawili wa Kiarabu. Thorobredi mwenyewe ametoka huko: wote duniani, kwa upande wa baba, wanarudi kwa madume watatu walioingizwa Uingereza kutoka Mashariki, na walio wengi mno wanarudi kwa mmoja, Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo na kufika Uingereza mwaka 1704. Damu hiyo wazee wa pwani waliijua kabla ya Churchill Downs kujengwa.

Kuhusu kubeti umeamua vema, na ubaki hapo. Wale farasi wa kwenye skrini za maduka ya kubeti, wanaokimbia kila baada ya dakika chache, ni michoro ya kompyuta. Hawana mama, hawana umri, matokeo yao yanatolewa na mashine. Mtu akikuambia anawasoma, anakudanganya au anajidanganya. Na hata kwenye mbio za kweli, nimeona kwamba mwenye mkeka mkononi hatazami farasi, anatazama namba.

Lazima pia nikuambie jambo ambalo video fupi hazionyeshi. Farasi hawa huvunjika. Barbaro alishinda Kentucky Derby mwaka 2006 kwa namna iliyofanya watu waamini mataji matatu yamerudi. Wiki mbili baadaye, hatua chache tu baada ya Preakness kuanza, mguu wake wa nyuma wa kulia ulivunjika vipande vingi. Madaktari walipigana miezi minane. Watu huuliza kwa nini asifungwe plasta apone kama mtu. Chini ya goti farasi hana misuli, ni mfupa, kano na ngozi; damu huko ni kidogo, na hawezi kulala kitandani wiki sita. Akiuepuka mguu mbovu, uzito wote huhamia kwenye mingine, na kwato za miguu mizima huanza kuvimba ndani na kuachana na mfupa. Hicho ndicho kilichommaliza Barbaro Januari 2007. Marekani sasa ina chombo cha kitaifa kilichoanza kazi 2022 kusimamia usalama wa viwanja na dawa, na ni haki kipo; mshindi wa Derby ya 2021, Medina Spirit, alinyang'anywa ushindi kwa dawa iliyokatazwa kukutwa mwilini siku ya mbio. Mshabiki wa kweli anayajua haya na anayadai. Farasi akiondolewa mbioni asubuhi kwa homa au kwa kuchechemea, kama Sovereignty, mshindi wa Derby ya 2025, alivyoondolewa kabla ya Classic, usinung'unike. Furahi.

Sasa la mwisho, kuwaona kwa macho. Karibu kuliko kote ni Nairobi, uwanja wa Ngong, unaoendeshwa na Jockey Club of Kenya. Mbio huwa Jumapili, ingawa si kila Jumapili, kwa hiyo uliza ratiba kabla ya kukata tiketi ya basi, na uwe na hati ya kusafiria. Farasi wa pale ni thorobredi kamili, na wana Derby yao. Ukijaliwa zaidi, ng'ambo ya bahari hii yetu kuna Champ de Mars, Port Louis, Mauritius, ambako mbio zimekimbiwa tangu 1812, uwanja mkongwe kuliko wote kusini mwa ikweta.

Ukifika Ngong usikimbilie jukwaani. Nenda kwanza pale wanapotembezwa kwa duara kabla ya kutandikwa matandiko. Simama karibu, nyamaza, tazama mizunguko miwili. Angalia kama mguu wa nyuma unakanyaga mbele ya alama ya mguu wa mbele, maana hatua ndefu ya kutembea mara nyingi ni hatua ndefu ya kukimbia. Angalia jasho: la shingoni siku ya joto si neno, lakini povu jeupe katikati ya mapaja ya nyuma ni farasi anayemaliza nguvu zake kabla ya geti kufunguliwa. Angalia masikio, yakicheza mbele na nyuma anasikiliza, yakilala nyuma muda wote ana karaha. Chagua wako, mwandike daftarini na jina la mama yake, ndipo upande jukwaani. Ukirudi niandikie ulimchagua nani na alimaliza wa ngapi.